Otilia na Zamu ya Marehemu

Ilikuwa mwaka ule daraja la mto wa Yaloxi lilipochukuliwa na maji. La, nimekosea. Daraja lilichukuliwa mwaka uliotangulia, kwa sababu safari ninayoitaja nilivuka kwa kutambaa juu ya magogo, mkoba wa vifaa vyangu ukining'inia shingoni, na mwanamke mmoja aliyekuwa ng'ambo akanicheka waziwazi. Basi na uwe mwaka wa magogo. Daraja la chuma lilikuja baadaye, mambo yote yakiwa yamekwisha.

Aliyenicheka alikuwa Otilia Yescas, mwoka mikate. Mimi kazi yangu ni kutengeneza vyombo vya bendi. Katika milima yetu kila kijiji kina bendi yake, na kila bendi ina klarineti inayovuja pumzi na tarumbeta lililobonyea kwa sababu mtu amelilalia baada ya sikukuu, kwa hiyo sikosi pa kwenda. Nikifika Yaloxi nilikuwa nalala kwa Otilia. Ukuta wa tanuri lake ulikausha gundi vizuri kuliko jua, naye alipenda kuwa na mtu wa kumsimulia huku anakanda. Alikuwa mfupi, mabega mapana, nyusi zina unga hata siku ya misa. Akikanda aliusemesha unga kama mtu anayemkaripia ng'ombe, na ukimuuliza anasema nini alikujibu kwamba hasemi na wewe.

Mumewe alikufa zamani. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Abdías, mpiga besi wa bendi, lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mtu kama chatu. Mwaka ule mkutano wa kijiji ulimpa zamu ya mtambo. Kwetu zamu hazilipwi wala hazikataliwi. Mwaka huu wewe ni mlinzi wa kijiji, mwaka ujao unatunza kanisa, mwingine unatunza maji. Abdías alipewa mtambo wa simu uliokuwa kabatini kwenye ofisi ya kijiji, pamoja na mnara wake juu mlimani, kule unakolala ukungu.

Mtandao huo haukuwa na tajiri. Kampuni za mjini zilikataa kutupandishia minara, zikasema sisi ni wachache, basi kila kijiji kikajichangia mtambo wake, na mitambo hiyo ikawa inazungumza yenyewe kwa yenyewe kutoka mlima hadi mlima. Kila kijiji na chake, kama bendi, na siku ya sikukuu mnakutana mnapiga pamoja. Hata watu wetu waliokwenda kufanya kazi Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, walikuwa wanapata habari za nyumbani humo.

Siku zile kwenye simu kulikuwa na programu tatu, kila moja na kazi yake. Ya matangazo tuliiita Kengele. Ya picha tuliiita Ukuta. Ya kutumiana sauti tuliiita Koo, na hiyo ndiyo iliyopendwa na wazee wasiopenda kuandika, mimi nikiwemo. Zilikuwa ndogo, hazikuharibika ovyo, na moja ikiugua mbili zinaendelea. Tatizo ni kwamba zilikuwa tatu. Bibi mmoja alitaka kumlalamikia dada yake juu ya mkwewe mvivu, akabonyeza Kengele akidhani ni Koo, na milima yote ikajua kwamba yule mkwe haoshi sufuria. Mkwe mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote, lakini bibi hakutoka nje kwa muda.

Msimu wa mvua ulipoanza, radi ilimkuta Abdías mnarani.

Sikuwepo siku hiyo. Nilikuwa kijiji cha pili, nikasikia kwenye Kengele, nikaondoka na klarineti ya watu mkononi bila kukumbuka kuirudisha. Nilifika siku ya tisa, siku ya kuinua msalaba. Pale sakafuni lilipowekwa jeneza walikuwa wameshachora msalaba wa chokaa na mchanga wa rangi, mrefu kama mtu, na waumini wameusalia siku zote zile. Siku ya tisa wasimamizi waliochaguliwa huufagia sehemu kwa sehemu, kichwa, mikono, moyo, miguu, mchanga hupelekwa kaburini, na ndipo roho inapojua kwamba imeruhusiwa kuondoka.

Tangu mtambo uje, watu wa Yaloxi walikuwa wameongeza jambo lao wenyewe. Sijui nani alianza. Wakifagia kichwa, wanalifuta jina la marehemu kwenye Kengele, asiitwe tena kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya barabara. Wakifagia mikono, wanamfunga kwenye Ukuta. Wakifika moyoni, wanafunga Koo. Kila programu ilikuwa na mlango wake, kwa hiyo mtu alikuwa anaondoka pole pole, kama alivyokuja.

Walipofika moyoni Otilia alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya mchanga mwekundu.

"Hapa msifunge," akasema.

Mzee Zenón, kiongozi wa sala, hakushangaa. Akasema mchanga ufagiliwe, sauti iachwe hadi mwaka utimie. Wengine walikuwa wameshafanya hivyo kabla yake. Koo haikumsumbua mtu. Haikujua mwenye sauti amekufa au amelala, ilitunza tu. Ila ilikuwa na desturi moja: sauti hukaa kwa aliyesema, si kwa aliyesikia. Ukimfunga msemaji, maneno yake yote yanakwenda naye.

Na Otilia alikuwa na ujumbe mmoja wa siku ile ile ya radi, alioutuma Abdías akiwa juu. Nilishausikia mara nyingi mno, naujua kama wimbo.

"Mama, wewe kula, usinisubiri. Ukungu umefunga, naiona mikono yangu kwa shida. Niwekee ule mkate ulioungua chini. Nikishuka nitakupigia."

Basi. Nyuma yake upepo.

Kila alasiri, unga ukiwa umefunikwa unaumuka, Otilia alikaa kwenye kiti kifupi akausikiliza. Halafu aliweka simu mapajani, uso wa kioo juu, akangoja. Hakuwa amerukwa na akili, msinielewe vibaya. Aliuza mikate, alibishana na wateja, alinisema kwa kulowesha gundi mezani kwake. Lakini mtu alimwambia atampigia, nao mstari ulikuwa bado uko wazi. Hakutaka aufunge yeye.

Kisha ikaja Nyumba Moja. Iliundwa na vijana wa bondeni, vijana wazuri, wa kwetu, waliokuwa wamechoka kuwasikia wazazi wao wakilalamika. Walikuja wakaeleza mkutanoni kwamba programu tatu zitakuwa moja: unaingia mlango mmoja, neno la siri moja, matangazo, picha na sauti vyote viko sebuleni. Kila kijiji kitabaki na mtambo wake. Mzee Zenón aliuliza kwa nini mtu anayetaka chumvi alazimishwe kununua duka zima. Wakamjibu kwa heshima kwamba siyo kununua. Watu wa Kaskazini wakatuma ujumbe kwamba wanaiunga mkono, maana wamechoka kumwelekeza mama kwa simu mahali pa kubonyeza.

Aliyewashinda wote kwa maneno ni Otilia. Alisimama akasema yeye amechoka kubeba funguo tatu wakati nyumba ni moja. Watu wakacheka, mikono ikainuka, na wa kwake ulikuwa miongoni mwa ya mwanzo.

Noemí, mwalimu wa chekechea aliyechukua mtambo baada ya msiba, ndiye aliyewahamisha watu wa kijiji kuwaingiza Nyumba Moja. Kazi kubwa ilifanywa na programu yenyewe. Ilimkuta kila mtu ana sehemu tatu, ikaziunga. Ikamkuta Abdías ana sehemu moja tu, ya Koo. Ikaona huyu ni mtu aliyesahau kujaza. Ikamjazia. Ikachukua sura yake kwenye picha za bendi walizoweka wenzake, ikamrudisha kwenye matangazo, ikamwekea na taa ndogo ya kijani pembeni ya jina, ile inayowaka mtu akiwepo.

Alasiri ya kwanza Otilia aliposikiliza ujumbe wake, taa ikawaka.

Bendi ilikuwa mazoezini. Mpiga klarineti alikuwa anatafuta karatasi ya nota kwenye simu, akamwona Abdías yupo. Akamwonyesha aliye kando yake. Bendi ilinyamaza sehemu moja baada ya nyingine, hata akabaki mtu wa ngoma peke yake anapiga bila kujua. Kaskazini nako walimwona, huko jikoni mwa mahoteli na kwenye mashamba ya stroberi, wengine wakapiga simu nyumbani wakilia, wengine wakitukana wakidhani ni mzaha. Yaloxi, wanawake walianza kuweka glasi ya maji mlangoni kila alasiri, kama awekewavyo marehemu mwenye kiu. Walimu wa chekechea wakaacha kupeleka watoto upande wa njia ya mlimani.

Noemí alikuja kueleza. Nilikuwepo, nalehemu kitako cha tarumbeta. Alisema kwa aibu, kama mtu aliyevunja kikombe cha wenyewe.

"Shangazi, ukiisikiliza sauti yake, programu inakwenda kuichukua kwake. Na ikichukua sauti kwa mtu, inadhani yupo. Zamani Koo haikujua mambo ya kuwepo. Hii inajua kila kitu, ila hilo moja haijaambiwa."

Otilia akauliza kwa hiyo ni yeye anayemwasha. Noemí akasema ndiyo. Nikamwona Otilia anaishika simu tofauti na alivyokuwa anaishika.

Hakuacha kusikiliza. Nadhani baada ya hapo alisikiliza zaidi.

Kisha ukaja msaragambo wa kusafisha barabara baada ya maporomoko. Nyumba Moja iliwaita wote, Abdías akiwemo. Jioni mwandishi wa kijiji akasoma wasiofika, bila kuyapitia majina kwanza kwenye kioo, kama anavyosoma siku zote: fulani hakufika, fulani hakufika, Abdías Yescas hakufika. Mwandishi akainua macho kutoka kwenye kioo.

Otilia akasimama na kikapu chake mkononi. "Alikuwa na udhuru," akasema. Akaketi.

Baada ya hapo Wulfrano, mkuu wa kijiji miaka ile, akamwendea pamoja na Noemí, wakamwambia ukweli. Nyumba Moja haina vipande. Ina mtu mzima au haina mtu. Hawawezi kumtoa kwenye matangazo na kumwacha kwenye sauti. Ama afungwe kote, ama abaki kote, awe anaitwa na kuwaka taa. Noemí alikuwa ameshawaandikia vijana wa bondeni kuwaomba wautenge mlango wa sauti. Walimjibu vizuri, wakasema watalitazama, ila hakuna kijiji kingine kilichowahi kuomba.

Noemí akajaribu njia nyingine. Alikuja na simu yake, akaiweka karibu na ya Otilia, akauchukua ujumbe ule kwa kuurekodi hewani. Tukausikiliza. Alikuwa ni Abdías, lakini ndani yake alikuwemo na kuku wa Otilia, na pumzi za Noemí, na mimi nikikohoa.

Otilia aliusikiliza hadi mwisho. "Umefanya vizuri, mwanangu," akamwambia Noemí. "Lakini huyu hawezi kunipigia."

Noemí akainamisha kichwa. Sikujua niangalie wapi, nikaangalia tarumbeta.

Mwisho wa mwaka mkutano ulikaa kugawa zamu mpya. Kila zamu hutangazwa na mkuu, na mwaka ule walikuwa wameiachia Nyumba Moja ipendekeze majina, kwa sababu inajua nani ametumika na nani bado. Wulfrano alisoma: zamu ya maji, fulani, zamu ya kanisa, fulani, zamu ya mtambo. Akasita. Watu wa mbele wakaona na wenyewe kwenye simu zao, mnong'ono ukaenda hadi mlangoni nilipokuwa nimesimama.

Ni Abdías. Programu ilikuwa imeona mtu aliyeanza mwaka wake na hakuumaliza.

"Shangazi Otilia," Wulfrano akasema kwa sauti ya chini, "sasa inatosha. Tunamchosha kijana. Turuhusu tumfunge leo, mbele ya watu wote, kwa heshima."

Otilia alikuwa amesimama tayari.

"Wenu walioko Kaskazini mmewafunga?" akauliza. "Barabarani hawafiki. Sikukuu hawafiki. Wengine watoto wao wanawaona kwenye kioo tu. Lakini mzazi au ndugu akiwashikia zamu, jina linabaki, ni mtu wa Yaloxi. Si ndivyo?"

"Ndivyo, shangazi, lakini hao wako..."

"Wako mbali. Na wangu yuko mbali. Zamu yake nitaishika mimi."

Mtu mmoja nyuma, mpiga ngoma aliyekuwa amekunywa pombe ya mkonge tangu asubuhi, akasema kwamba mnara ule hauna ngazi ya akina mama wa tanuri.

"Wala hauna ngazi ya walevi," Otilia akamjibu bila kugeuka, "na wewe mwaka juzi uliushika. Tulikushusha kwa kamba."

Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha kushukuru kwamba kuna la kucheka. Halafu wakaangaliana. Hakuna aliyeutaka mnara tangu radi. Na alilosema lilikuwa ni desturi yetu wenyewe, hakuongeza hata neno. Mzee Zenón akasema kwa upande wake haoni kipingamizi. Wakainua mikono.

Basi Otilia akatumika mwaka mzima kwa jina la mwanawe. Asubuhi alioka, kisha akafunga mikate michache kwenye shuka akapanda mlimani kufuta zile sahani za kunasa jua na kukagua nyaya. Noemí alimfundisha mambo ya kabatini. Alikosea sana mwanzoni. Siku moja alizima mtambo wakati wa kuzima tanuri, kichwa kikiwa kwingine, na vijiji vitatu vikakaa kimya hadi mchana. Lakini alijifunza. Matangazo yote ya mtambo aliyatoa mwenyewe, na kila mara alianza hivi: "Hapa ni mtunzaji, Abdías Yescas, kwa mkono wa mama yake." Mara ya kwanza watu walipata baridi mwilini. Baadaye wakawa wanangoja kusikia. Nilikuwa kijiji cha mbali, natengeneza trombone, nikasikia redio ya simu ya mwenye nyumba ikisema hivyo, na yule mwenye nyumba akavua kofia huku anaendelea kula maharage yake.

Taa iliendelea kuwaka kila alasiri. Glasi za maji ziliacha kuwekwa, sijui lini. Otilia mwenyewe alikonda. Alisema ni mlima. Aliniambia mara moja tu, akiwa ameupa unga mgongo, kwamba huko juu ukungu ukifunga mtu haoni mikono yake, ni kweli, hakuwa anazidisha. Unga hakuusemesha siku hiyo.

Nilirudi Yaloxi karibu na mwisho wa zamu yake. Alikuwa anapanda mara ya mwisho, akaniambia, "Kaka Nabor, twende, usiniambie habari za goti." Tukaenda. Goti lilinikatalia kwenye yale mawe makubwa chini kidogo ya mnara, nikakaa. Ukungu ukashuka ukampokea, sikumwona tena.

Nikawa namsikia. Mwanzo nilidhani anausikiliza ule ujumbe, nikangoja upepo wake na yale maneno. Haukuwa huo. Ilikuwa ni sauti ya Otilia peke yake, polepole, ya mtu anayezungumza. Akasema maneno mawili matatu, akanyamaza. Akasema tena. Akanyamaza kwa muda wa mtu anayejibiwa. Mara moja alicheka, kicheko kifupi, kile alichonicheka kwenye magogo.

Aliposhuka magoti yake yalikuwa na udongo. Akaniuliza kama gundi ya klarineti ya watu, niliyoiacha ukutani kwake, imekauka.

Kesho yake mkutano ukapokea zamu. Desturi yetu ni kwamba anayemaliza hukabidhi fimbo, na mkuu hulitaja jina lake lote. Otilia akaishika fimbo kwa mikono miwili, na Wulfrano akasema, "Abdías Yescas, mtunzaji wa mtambo. Umetumika. Mwaka wako umetimia. Pumzika." Watu wakaitikia kwa pamoja kwamba apumzike.

Noemí akafungua kabati ili amwonyeshe mtunzaji mpya. Akabonyeza, akatafuta, akatafuta tena. Abdías hakuwemo. Si kwenye matangazo, si kwenye picha, si kwenye sauti. Alikuwa amefungwa jana yake alasiri, saa zile tulipokuwa mlimani. Nyumba Moja ikimfunga mtu huandika nani aliyefunga, na nafasi ile ina majibu mawili tu: ama mtunzaji, ama mwenyewe.

Ilikuwa imeandika: mwenyewe.

Noemí alisema hiyo ni hitilafu ya programu, na huenda ni kweli, maana aliwaandikia vijana wa bondeni na wao wakasema hawaelewi. Mzee Zenón alisema mtu akimaliza zamu huenda zake, kuna ajabu gani. Watu walimgeukia Otilia wakidhani atalia. Alijifunga shuka lake, akawaambia kuna mikate tanurini, akatoka.

Nilimfuata. Nilimkuta ameketi kwenye kiti kifupi, unga umefunikwa, simu haiko mapajani, haiko popote. Mikono yake imelala tu. Nikakaa kwenye ukuta wa joto mahali pangu, nikamuuliza, kama nilivyomuuliza tena miaka iliyofuata, na kama ninavyouliza hata sasa ambapo tanuri lile limekuwa la watu wengine:

"Dada Otilia, jana kule juu ulikuwa unaongea na nani?"